Bembea ya Kukulia

Marehemu dada yangu alikuwa fundi cherehani wa nguo za watoto, na sijawahi kumwona akishona nguo iliyomkaa mtoto sawasawa siku ile aliyoijia. Sare ya shule ikitoka mikononi mwake, mikono ilifunika vidole na sketi iligusa soksi. Mzazi akilalamika, dada aliigeuza nguo ndani nje, akamwonyesha pindo pana lililolala pale chini, limeshikwa kwa mshono wa kufumuka kirahisi.

"Mwakani unafumua hapa," alisema. "Mwaka unaofuata, hapa. Mimi simshonei huyu uliyekuja naye. Namshonea yule anayekuja."

Wengine walicheka wakalipa, wengine walinuna wakalipa. Lakini wote walirudi, kwa sababu nguo zake zilivaliwa mpaka kitambaa kikachoka chenyewe. Mtaani kwetu mtoto akipita na kaptura inayompwaya kama gunia, watu walijua imeshonwa kwenye dirisha gani.

Tangu Mwenyezi Mungu alipomchukua, watu wanakuja kutupa pole na kila mmoja ana kisa chake cha nguo. Mimi nina kisa cha bembea. Nakiandika kwa ajili ya watoto wake, wasije wakakua wakidhani kile chuma kilichosimama nyuma ya nyumba kilikuja chenyewe.

Niliishi naye tangu nilipomaliza sekondari na kupata kazi kwenye duka la dawa. Mumewe, shemeji yangu, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Siku anazolala barabarani ni nyingi kuliko anazolala nyumbani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na sisi wawili na watoto wawili. Mkubwa ni wa kike, tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu alipojua kusema hajaacha kuamua kesi za wenzake. Mdogo ni wa kiume, tunamwita Kiroboto. Ukimwona anavyoruka huhitaji maelezo.

Cherehani ya dada ilikaa chumba cha mbele, dirishani, ili apate mwanga na apate pia kujua nani kapita. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwake saa zote. Siku moja alikwenda nayo hadi kwenye ibada, na katikati ya sala mama mmoja aliyekaa nyuma yake akamnong'oneza, "Mwenzangu, unataka kumpima nani huku? Malaika?" Dada alicheka mpaka akalazimika kutoka nje. Alikuwa mcha Mungu, lakini kicheko kilimshinda nguvu.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha lile, kulikuwa na nyumba yenye geti kubwa jekundu, na mwenye nyumba tulimwita Mama Geti. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wake walinunuliwa bembea na mteremko wa kuteleza, vya plastiki ya rangi rangi, na alasiri watoto wa mtaa mzima walijaa mle ndani. Wa kwetu nao walikwenda. Dada aliwavusha barabara, maana malori ya saruji hupita pale bila huruma, kisha akarudi kwenye mashine yake.

Kiroboto alirudi kila jioni amelowa jasho na amefurahi.

"Umecheza?" mama yake alimuuliza siku moja huku akikata uzi kwa meno.

"Sana! Mimi ndiye msukumaji namba moja."

"Msukumaji wa nini?"

"Wa bembea. Wote wananitaka mimi. Nasukuma juu kabisa."

Dada akaacha kukanyaga. "Na wewe unapanda saa ngapi?"

"Wakichoka wenyewe."

"Wanachoka saa ngapi?"

Mtoto akafikiri kwa uaminifu. "Hawachoki, mama. Si nimekwambia nasukuma vizuri?"

Hakimu, aliyekuwa anaokota vifungo sakafuni, akatoa hukumu bila kuinua kichwa. "Mimi niliwaambia wampe zamu. Wakasema zamu ni za wenye bembea."

Kesho yake dada alivuka kupeleka gauni la mtoto wa Mama Geti, akajionea mwenyewe. Akarudi kwenye mashine. Alishona kola ya shati la watu juu chini, yeye ambaye hakuwahi kukosea kola, akaifumua yote, kisha ndipo akaniambia:

"Mwanangu anadhani mchezo wenyewe ndio kusukuma. Hajui kuna kukaa."

"Nenda kaongee na mama mtu," nikasema.

"Nikaongee nini? Nimwombee mwanangu zamu? Nguo ya kuazima haisitiri matako, mdogo wangu. Wangu watakaa kwenye ya kwao."

Alikuwa akiweka akiba ya kununua mashine ya kuzungushia pindo, mashine aliyoitamani kwa miaka. Usiku ule alizungumza na shemeji kwa simu juu ya akiba hiyo na bembea, na sauti ya shemeji ikasikika hadi jikoni: "Mke wangu, wewe ukishasema tutafakari, mimi najua umeshanunua."

Jumamosi tukaenda naye duka kubwa la mjini, linalouza kila kitu kuanzia sufuria hadi vitanda. Muuzaji, kijana msafi mwenye shati la kampuni, akatuonyesha bembea ya plastiki kama ile ya ng'ambo ya barabara. Dada akaibonyeza nguzo kwa kidole gumba. Akaitikisa. Akachuchumaa akaangalia chini ya kiti, mahali ambapo mafundi wote wanaangalia, kwa sababu huko ndiko mwenzao huwa ameficha uvivu.

"Hii ya watoto wa umri gani?"

"Miaka mitatu hadi sita, mama."

"Na wakifika saba?"

"Unawanunulia kubwa zaidi. Tunazo."

"Yaani hii ikimbana nafumua wapi?"

Kijana akanitazama mimi apate msaada. Nikatazama sufuria.

"Asante, mwanangu," dada akasema. "Nguo isiyo na pindo siichukui."

Tukatoka pale tukaenda kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma, mzee mmoja mfupi aliyeitwa Fundi Cheche. Mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo vidogo vilivyochomwa na moto wa kazi yake, na dada alikuwa amemzibia baadhi ya vitundu hivyo, kwa hiyo walifahamiana. Cheche alitengeneza madirisha na mageti, na shule mbili tatu zilikuwa na bembea zake. Moja ilikuwa imesimama pale nje ikisubiri rangi. Dada akaning'inia kwenye boriti yake kwa mikono miwili, mtu mzima na sketi yake, akajibembeza. Chuma hakikulia.

"Hii ndiyo," akasema. "Nitengenezee ya viti viwili, na ngazi, na bati la kuteleza pembeni."

"Watoto wana urefu gani?" Cheche akauliza. "Nipe vipimo. Wazazi wengi wanakuja hapa wananionyesha kwa mkono, wako hivi, wako hivi. Mkono una vipimo?"

Dada akatabasamu kama mtu aliyesubiri swali hilo maisha yake yote. Alikuwa amewapima watoto tangu asubuhi: kutoka goti hadi kisigino wakiwa wamekaa, kutoka bega hadi ncha ya vidole wakinyoosha mkono juu. Akavitaja vipimo kimoja kimoja, na Cheche akaviandika kwa chaki kwenye kipande cha bati.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa ambalo lingeweza kufanywa na hao wawili tu. Vipimo alivyovitaja dada havikuwa vya watoto. Alikuwa ameshaongeza nafasi ya kukulia. Hakufanya kwa kusudi. Mkono wake ulizoea hivyo, kama ulimi wa mtu unavyosema amina kabla sala haijaisha. Naye Cheche, dada alipogeuka kufunga pochi, akaongeza yake juu ya ile, kwa sababu miaka yote wateja walimletea vipimo vya mtoto wa leo, halafu baada ya muda mfupi wakaja kulalamika kwamba magoti yanagonga chini. Kuuliza si ujinga, lakini mafundi wawili wakikutana, kila mmoja huona kuuliza ni kumfundisha mwenzake kazi. Wakapeana mikono, wakaagana kwa heshima kubwa.

Bembea ililetwa vipande vipande. Mlango wetu ulikuwa mwembamba, ikabidi vyuma vipitishwe juu ya ukuta wa nyuma, na majirani wakaja kusaidia na wengine wakaja kushauri. Cheche akachimba mashimo, akasimamisha nguzo, akamwaga zege. Alipomaliza akasema hakuna kugusa mpaka zege likauke. Kiroboto akaweka ndoo kando ya nguzo akakaa hapo kama mlinzi. Kila aliyepita alimuuliza, "Bado?" naye akajibu kwa uchungu, "Bado bichi."

Nilipoitazama siku ile niliona ni ndefu, lakini nilidhani ni kwa sababu uwanja ni mdogo. Ulikuwa na kamba ya nguo, tangi la maji, na rundo la matofali ya chumba ambacho shemeji alikuwa anakijenga kwa miaka bila kukifikisha dirishani.

Siku zege lilipokauka, mtaa ulikuwa umesimama ukutani. Kiroboto akakimbia kwenye bembea yake, na kiti kikamgonga kidevuni.

Mwanzoni hakuna aliyecheka. Dada akamnyanyua akamkalisha. Miguu ikaning'inia juu ya ardhi kama mtoto aliyewekwa juu ya kabati, akashika mnyororo kwa mikono yote miwili, akafumba macho.

"Nishushe, mama."

"Kaa kidogo."

"Nishushe!"

Hakimu akajaribu ngazi ya bati la kuteleza. Daraja la kwanza lilimfika kiunoni. Akalikwea kwa tumbo kama mjusi, akafika juu, akateleza, na bati lilipokwisha ardhi ikawa bado iko mbali. Akatua kwa makalio. Kishindo kilisikika.

Ndipo jirani mmoja, muuza vocha, akasema kutoka ukutani, "Jirani, hii bembea au mnara wa simu? Maana mtandao umeimarika ghafla." Basi kikalipuka kicheko ambacho nafikiri kilifika hadi kwa Mama Geti.

Dada akamtafuta Cheche kwa macho. Hakuwa mbali, alikuwa amekuja kupokea sifa.

"Fundi! Hii umemtengenezea nani? Jeshi?"

"Nimefuata vipimo vyako, mama."

"Vipimo vyangu vilikuwa na ya kukulia ndani yake!"

"Ungesema! Na mimi nimeongeza ya kukulia!"

Wakatazamana. Sijui nani alianza, lakini wote wawili walicheka, Cheche ameshika nguzo na dada amekaa kwenye matofali akijifuta machozi kwa ncha ya futi yake. Cheche akasema si neno, ataongeza minyororo viti vishuke.

"Na wakikua?"

"Utaniita nipunguze."

"Nikuite wewe? Ambaye kila siku unasema kesho?"

"Na wewe unasemaga lini, mama? Shati langu ulilosema kesho liko wapi?"

Watu walicheka tena, wakatawanyika. Dada naye aliingia ndani akicheka. Lakini alasiri ile, alipoinua macho kutoka kwenye mashine, akamwona Kiroboto amesimama kando ya barabara na Hakimu, hawakumngoja awavushe, wanasubiri lori lipite. Wanavuka. Geti jekundu likafunguliwa. Kutoka dirishani hakukuonekana ndani, lakini sauti za watoto zilivuka juu ya ukuta: "Sukuma! Kiroboto, sukuma!"

Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hiki kipya hakikumpa mwanawe hata kinyemi cha siku moja. Dada akafunika cherehani.

"Ile mikanda ya lori iko wapi?" akaniuliza.

Shemeji alikuwa ameleta nyumbani mikanda ya zamani ya kufungia mizigo, mipana kama kiganja, migumu, iliyokuwa imekaa chini ya kitanda chake pamoja na vitu vingine ambavyo mwanamume hataki vitupwe. Dada akaisugua kwa sabuni, akaitundika ikakauka. Kesho yake akaanza. Sindano za cherehani zilikatika moja baada ya nyingine, akaacha, akatoa sindano ya magunia na uzi mweusi wa viatu, akaupaka nta. Alishona kwa mkono, mkanda umebanwa kati ya magoti, akiusukuma uzi kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Wateja walikuja kuulizia nguo zao wakaambiwa kesho.

Nilimuuliza anafanya nini hasa, akanieleza huku akishona. Viti vitaning'inia kwa mikanda badala ya minyororo, mirefu ya kuwafaa watoto kama walivyo. Juu, karibu na boriti, alipiga mistari ya uzi mweusi, mmoja juu ya mwingine. Kila miguu ya mtoto ikianza kuburuza chini, mkanda unakunjwa hadi mstari unaofuata na kushonwa, na kiti kinapanda.

"Nguo unafumua pindo ili ishuke," akasema. "Hii unakunja pindo ili ipande. Kazi ni ile ile, imesimama kichwa chini tu."

"Na mistari ikiisha?"

"Ikiisha watakuwa wameufikia urefu wa Cheche. Tutarudisha minyororo yake, naye ataringa kwamba hakukosea."

Kwa ngazi alipanga matofali ya shemeji yakawa daraja la chini, na mwisho wa bati akamwaga mchanga. Chumba kile cha shemeji hadi leo kimepungukiwa na matofali hayo.

Jioni yake alimwita Kiroboto. Mtoto akaja, akaona kiti kimeshuka hadi kwenye mapaja yake, akazunguka nyuma yake, akakishika tayari kusukuma.

"Anapanda nani?" akauliza.

"Wewe."

"Halafu anasukuma nani?"

"Mimi. Kaa."

Akakaa. Dada akamsukuma, futi ikiruka shingoni mwake, na vipande vya uzi vimejaa kwenye kanga aliyojifunga. Kule mbele dirishani kulikuwa na mteja anaita hodi, hodi, na hakuna aliyeitika. Kiroboto akapaa, akarudi, akapaa tena. Kisha akauliza, "Mama, nikichoka anapanda nani?"

"Usifikirie kuchoka. Kaa tu."

Haikupita wiki, watoto wa Mama Geti wakaja kuchungulia. Nilijua Hakimu angewapeleka jela moja kwa moja, lakini dada alitangulia. Akasema waingie, wapande. Sheria ilikuwa moja: anayeshuka ndiye anayemsukuma anayepanda. Hapa hakuna msukumaji wa kudumu. Hakimu akakabidhiwa kuisimamia sheria hiyo, na Mungu ni shahidi aliisimamia, hata mtoto wa mchungaji hakupewa nafuu. Mama Geti mwenyewe alikuja siku moja kuwachukua wanawe, akaigusa mikanda, akasema, "Jirani, umeshona hadi bembea?" Dada akamjibu, "Ningeweza ningeshona na barabara, ipunguze malori." Baada ya hapo wakawa wanatembeleana.

Mwaka ulipozunguka, miguu ya watoto ikaanza kuchora michirizi kwenye vumbi. Dada akapanda juu ya ndoo, akakunja pindo la kwanza, akalishona kwa uzi ule ule mweusi. Hakuna aliyeliona kuwa jambo. Nakumbuka alishuka akalalamika kiuno, nikamwambia apumzike, akasema kuna sare za watu.

Sitaandika mengi ya ugonjwa. Ulianza kama homa, ukawa hospitali, na hospitali wakajitahidi kwa uwezo wao wote. Shemeji aliacha lori njiani, mikononi mwa mwenzake, akawahi. Tuliomba. Wengi waliomba. Mwenyezi Mungu alitusikia, hilo silitilii shaka, ila jibu lake halikuwa lile tulilolitaka, na bado najifunza kulipokea. Kuna asubuhi nalipokea na kuna asubuhi silipokei, nami nafikiri yeye anazijua zote mbili.

Siku za msiba uwanja wa nyuma ulijaa viti. Mtu mmoja, ili kupata nafasi, alivikunja viti vya bembea juu akavifunga kwa kamba kwenye boriti. Watu walipoondoka, kamba ikabaki. Shemeji alikaa nasi mpaka akiba ikatuishia, akarudi barabarani akiwa amekonda. Watoto waliipita ile bembea wakienda tangini kuchota maji kama watu wanaompita mgonjwa aliyelala.

Kiroboto ndiye aliyeifungua. Nilirudi dukani nikakuta kamba iko chini na kiti kinaning'inia, na yeye amekaa. Katika miezi ile alikuwa amerefuka. Miguu yake ilifika chini na kubaki, magoti yamepanda karibu na kifua. Ili abembee ilibidi aikunje nyuma kama kuku, na akisahau ilikwaruza. Akajaribu mara kadhaa, akashuka.

Fundi Cheche alikuja kutupa pole kwa mara nyingine, akaiona. "Nitarudisha minyororo," akasema taratibu. "Sitaki malipo. Nitaipunguza iwakae."

Hakimu alikuwa mlangoni. "Asiiguse mtu," akasema.

"Mjukuu wangu, itawabana."

"Mama kaishona. Ukitoa mikanda umemtoa."

Cheche akatazama kofia yake mikononi. Akaniambia nikihitaji chochote nimwite, akaondoka. Nami nikaiacha. Nilijiambia ni huzuni ya mtoto, itapita, na kwamba bembea ni chuma tu.

Haikupita. Na siku moja, nikipeta mchele mlangoni, nikasikia sauti za watoto wa mtaa uwanjani: "Sukuma! Kiroboto, sukuma!" Nikainua macho. Mtoto mdogo wa Mama Geti alikuwa amekaa, miguu yake mifupi inaelea vizuri, na Kiroboto yuko nyuma yake. Akashuka yule, akapanda mwingine. Kiroboto akabaki pale pale. Akapanda wa tatu.

"Mbona hupandi?" nikamuuliza.

"Mimi nasukuma tu, mamdogo. Nasukuma vizuri."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililonikata. Mashine aliyoitamani dada, vidole vyake vilivyotobolewa na sindano ya magunia, vyote vilikuwa kwa ajili ya kukitoa kitoto hiki nyuma ya kiti na kukikalisha juu yake. Sasa kimerudi nyuma, tena uwanjani kwake mwenyewe.

Jioni niliomba. Sikuomba makubwa, niliomba nipate la kufanya. Mimi si fundi. Kifungo kikidondoka nilikuwa nampa dada, na hata sasa nina blauzi tatu zisizo na vifungo. Kulipokucha, kabla ya kwenda kazini, nikapanda juu ya ndoo nikaitazama mikanda kwa karibu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Nikaona pindo la kwanza alilokunja. Juu yake nikaona mstari mweusi mwingine, na mwingine, yote ikisubiri kama alivyonieleza. Nikamwita Hakimu.

"Sitaki ufumue," akasema kabla sijafungua mdomo. Macho yalikuwa yamejaa tayari.

"Njoo uone. Panda."

Akapanda kwenye matofali. Nikamshika kiuno.

"Tafuta mahali pa kufumua," nikamwambia.

Akapitisha vidole kwenye uzi wa mama yake, mstari hadi mstari. Alichukua muda, kama anavyofanya kwenye kesi nzito.

"Hakuna," akasema mwishoni. "Unakunja juu yake. Uzi wake unabaki ndani."

"Basi?"

"Basi alete mtu sindano."

Uzi mweusi ulikuwa umekwisha, kulikuwa na mweupe tu. Nikatangulia kushona mimi, nikajichoma, nikasema neno lililonifanya nimwombe Mungu msamaha papo hapo, na Hakimu akaninyang'anya sindano. "Mamdogo, shika mkanda tu." Alishona ulimi ukiwa nje, amejivika shingoni futi ya mama yake, ambayo tangu msiba ilikuwa imening'inia kwenye msumari na hakuna aliyeigusa. Mshono wake ulikwenda upande kama mlevi, lakini alirudia mara mbili, kisha tukaning'inia wote wawili kwa mikono kuujaribu, na haukulegea. Nilichelewa kazini. Mwenye duka alinitazama usoni akaniacha.

Alasiri watoto walipokuja, Kiroboto akashika nafasi yake nyuma ya kiti. Hakimu akamtoa kwa bega.

"Panda."

"Lakini wao..."

"Watangoja. Leo wewe."

Akapanda. Vidole vyake vya miguu vikagusa chini kidogo, akajisukuma, vikaachia. Akatazama juu, kwenye mikanda, pale uzi mweupe ulipolala juu ya mweusi, akatazama chini tena.

"Anasukuma nani?" akauliza.

Nikavua viatu vya kazini nikaenda nyuma yake. Sijui kusukuma kama mama yake. Alinilalamikia napinda, nasukuma kushoto. Nikaendelea hivyo hivyo. Nilisukuma mpaka harufu ikatoka jikoni, na maharage niliyoyasahau motoni yakawa yameungua. Tuliyala usiku ule yakiwa machungu, tukamshukuru Mungu kwa chakula, na hakuna aliyenuna.